UGONJWA MMOJA, NENO MOJA
Shauri kwa mkulima mgonjwa juu ya leseni ya gari na haki zake za ulemavu



Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kilimo. Siku nyingi naandika barua za mbegu, mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lakini watu wa skimu wajua kwamba nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisini, na kwa hiyo huniletea karatasi zao za kila namna niwasomee na kuwajazia.

Asubuhi moja alikuja mkulima mmoja wa upande wa Kinangop, mtu ninayemheshimu sana. Ana shamba la viazi, ng'ombe wanne wa maziwa, na pikapu kuukuu. Kila siku kabla ya jua kutoka huzunguka kwa majirani, hukusanya mikebe yao ya maziwa, na kuipeleka kwenye mtambo wa kupoza wa chama cha ushirika. Fedha za kazi hiyo ndizo zinazolipa deni la pikapu na karo ya watoto.

Aliweka karatasi mbili mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba leseni ya lori, kwa maana chama kilikuwa kikitafuta dereva wa lori la maziwa. Hapo alitaka niandike kwamba hana ugonjwa wo wote. Ya pili ilikuwa ya kuomba msaada wa ulemavu. Hapo alitaka niandike kwamba ana kifafa, na kwamba kinamwangusha kila siku hata hawezi kazi.

Nikamwuliza, "Mzee, katika hizi mbili, ya kweli ni ipi?"

Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Hakuna, Bwana Karani. Kifafa hunishika mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili. Nikisema hivyo kwa watu wa leseni watanizuia kuendesha. Nikisema hivyo kwa watu wa msaada watasema sijazidiwa. Sasa watoto wangu wale nini?"

Ndugu msomaji, sikumcheka wala sikumkemea. Swali lake ni zito, na najua wako wengine kati yenu wanaojiuliza swali hilo hilo usiku, ikiwa si kwa kifafa basi kwa ugonjwa wa sukari, au kiharusi, au macho yanayofifia. Kwa hiyo nimeona yafaa tuzungumze habari hii waziwazi.

KIFAFA SI LAANA

Kwanza tuondoe ujinga. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Mwenye kifafa hakurogwa, wala si mwenda wazimu, na povu lake haliambukizi mtu. Ugonjwa huu waweza kutokana na kuumia kichwa, au taabu wakati wa kuzaliwa, au malaria iliyopanda kichwani, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula na maji machafu. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa.

Habari njema ni kwamba kifafa chatibika. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa na kupewa dawa inayowafaa. Lakini dawa hizo ni za kumezwa kila siku, kwa saa ile ile, hata siku ambayo mgonjwa ajiona mzima. Anayemeza leo na kuacha kesho ni kama mkulima anyunyiziaye viazi dawa mara moja tu, kisha ashangaa kuona baridi ya majani imerudi. Tena kuacha dawa ghafula ni hatari kubwa, kwani kwaweza kuleta kifafa kikali kisichokatika. Pombe na kukosa usingizi pia huchokoza ugonjwa huu.

Sasa fikiri juu ya dereva. Kifafa hakipigi hodi. Mtu ashika usukani, barabara ni nyeupe mbele yake, na kwa muda wa pumzi mbili hajui yuko wapi. Gari lililobeba mikebe 20 ya maziwa halisimami lenyewe. Na saa ile ya alfajiri barabara zetu zimejaa watoto waendao shule na akina mama waendao sokoni. Hatari si ya dereva peke yake.

SHERIA YASEMAJE JUU YA LESENI?

Katika Kenya mambo ya leseni yamo katika Sheria ya Trafiki, sura ya 403, na mwenye kuyasimamia ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, inayojulikana kwa herufi NTSA. Sheria yataka mtu anayeomba leseni aseme mwenyewe kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa watu. Kusema uongo ili upewe leseni ni kosa.

Usifikiri kwamba sheria yachukia watu wenye ulemavu. La. Kati ya madaraja ya leseni, daraja F limewekwa kwa ajili ya madereva wenye ulemavu. Mtu aliyekatwa mguu aweza kuendesha gari lililotengenezwa limfae. Jambo linalotazamwa si kwamba wewe ni mgonjwa au una ulemavu, bali ni kama gari litakuwa salama mikononi mwako.

Wengine husema, "Mimi siendeshi lori, naendesha trekta tu." Trekta nayo yataka leseni ikienda barabarani, nayo ina daraja lake, daraja G. Na hata ndani ya shamba lako, ambako askari wa trafiki hafiki, jembe la diski halimjui mwenye shamba.

Tena kuna habari ya bima. Kila gari barabarani sharti liwe na bima ya kulipa watu wengine wakiumizwa. Kampuni ya bima ikigundua kwamba ulificha ugonjwa ulioulizwa, yaweza kukataa kulipa, na deni lote likakurudia wewe. Mkulima mwenye deni la shamba aweza kupoteza eka zote alizolipia kwa jasho la miaka mingi, kwa sababu ya alama moja aliyoitia mahali pasipo pake.

Huenda utauliza, "Nikikaa majuma mawili bila kuanguka, si nimepona?" Hapana. Ili uone jinsi wataalamu wanavyolitazama jambo hili, huko Uingereza mtu mwenye kifafa kwa kawaida hangoji chini ya miezi 12 bila kuanguka ndipo arudishiwe leseni ya motokaa ndogo. Kwa lori kubwa hungoja miaka 10 bila kuanguka, tena bila kutumia dawa ya kifafa. Hiyo si sheria yetu, lakini yatuonyesha kwamba lori na pikapu hazipimwi kwa kipimo kimoja. Hapa kwetu mwulize daktari wako, na neno lake ulifuate.

HAKI ZAKO NI ZIPI?

Sasa tugeukie karatasi ya pili. Wengi hufikiri kwamba "msaada wa ulemavu" ni mfuko mmoja, na aingiaye humo hupewa fedha. Sivyo. Milango ni mingi, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2003. Kabla ya kuandikishwa, sharti upimwe na madaktari katika hospitali ya Serikali iliyoruhusiwa kazi hiyo, nao waandike taarifa. Wapimaji hawatazami jina la ugonjwa tu, bali jinsi unavyokuzuia katika maisha na kazi, na kama ni wa muda mrefu. Kwa hiyo si kila mwenye kifafa atahesabiwa kuwa mwenye ulemavu, na si kila atakayekataliwa ameonewa.

Mlango wa pili ni msamaha wa kodi ya mapato. Mtu aliyeandikishwa na Baraza, mwenye mshahara au mapato ya kulipiwa kodi, aweza kuomba asitozwe kodi juu ya shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Haki hii haiji yenyewe. Yataka kuombwa kwa Mamlaka ya Mapato na kupewa cheti.

Mlango wa tatu ni fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa jamaa maskini wenye mtu aliye na ulemavu mkubwa. Maana ya ulemavu mkubwa ni mtu anayehitaji kutunzwa na mwingine mchana na usiku. Tazama sasa: yule mzee wa Kinangop alitaka fedha hizi na leseni ya lori kwa pamoja. Mtu asiyeweza kuachwa peke yake nyumbani ataachwaje peke yake na lori la tani nyingi?

Mlango wa nne ni wa walioajiriwa. Ikiwa wewe ni dereva wa chama, au wa shamba kubwa, au wa mtu mwingine, ukaumia kazini, Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 yakulinda. Mwajiri atakiwa kutoa habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu kuarifiwa, na dai la fidia liletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Aliyelemaa kabisa, asiweze kazi tena, fidia yake hupimwa kwa mshahara wa miezi 96. Aliyelemaa kwa sehemu hupata kwa kadiri ya sehemu hiyo. Angalieni, sheria hii ni ya mfanyakazi. Mkulima anayejiajiri mwenyewe akianguka kutoka trekta yake hana mwajiri wa kumdai.

Mlango wa tano ni wa waliopata kuweka akiba katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Wengi wenu mlifanya kazi katika mashamba ya maua, au mjini, kabla ya kurudi nyumbani. Mwanachama aliyethibitishwa na daktari kwamba hawezi kazi tena kwa ajili ya ulemavu wa kudumu aweza kuomba malipo ya ulemavu kabla ya umri wa kustaafu. Tafuta kadi yako ya zamani ukaulize.

Na juu ya matibabu, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Jamaa isiyo na mshahara hulipa kwa kadiri ya mapato yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kifafa ni ugonjwa wa kutibiwa kwa miaka, basi usingoje kuanguka ndipo uanze kulipa.

NENO MOJA MBELE YA KILA MEZA

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mgonjwa wetu aonana na watu wengi: daktari, mpimaji wa ulemavu, mtu wa leseni, mtu wa bima, na mwenye kumdai. Kila mmoja ana meza yake na karatasi yake. Kishawishi ni kumwambia kila mtu neno linalompendeza. Nilimwambia yule mzee, "Karatasi hizi mbili hazijuani leo, lakini zote zina jina lako na sahihi yako. Siku zikikutana, zitakushtaki wewe."

Lakini naongeza neno jingine, kwa maana kuna kosa la namna ya pili. Wako wagonjwa wapole ambao mbele ya daktari husema, "Sijambo, namshukuru Mungu," hali juzi walivutwa kutoka motoni na watoto wao. Hawa nao hawasemi kweli, ingawa ni kwa haya. Mpimaji hawezi kuandika asiloambiwa. Mtu hukosa haki yake, kisha alaumu Serikali.

Basi dawa ni hii: usieleze siku yako nzuri tu kwa haya, wala siku yako mbaya tu kwa tamaa. Eleza zote mbili, kwa hesabu. Badala ya kusema "naanguka kila mara", sema "mwezi wa Machi nilianguka mara mbili, mwezi wa Aprili mara moja, mwezi wa Mei sikuanguka." Badala ya kusema "siwezi kazi", sema "naweza kulima na kukama, lakini sikaribii moto wala kisima nikiwa peke yangu, na baada ya kuanguka nalala nusu siku." Maneno kama hayo waweza kuyarudia mbele ya mtu wa msaada, na mbele ya mtu wa leseni, na mbele ya hakimu, yasibadilike.

MAMBO YA KUFANYA

1. Siku ile ugonjwa unapokushika mara ya kwanza, acha usukani. Usiendeshe kwenda hospitali, wala usiseme utapeleka maziwa ya leo tu. Omba mtu akuendeshe.

2. Nunua daftari ndogo. Andika tarehe, saa, muda, na jina la aliyekuona. Andika pia siku uliyosahau dawa.

3. Uendapo kwa daktari, nenda na mtu aliyekuona ukianguka. Mgonjwa mwenyewe hajui lililompata. Mkeo au mwanao aweza kumwambia daktari jambo litakalobadili dawa yako.

4. Mwulize daktari swali hili waziwazi: "Je, nafaa kuendesha? Ikiwa sifai, tutazungumza tena lini?" Omba jibu lake kwa maandishi.

5. Weka nakala za karatasi zako zote katika bahasha moja: kitambulisho, taarifa za hospitali, barua ya Baraza, stakabadhi za SHA. Usitoe karatasi ya asili bila kubaki na nakala.

6. Ukikataliwa, uliza sababu, na uliza njia ya rufani. Usimpe mtu wa njiani fedha akuahidiye kukupitisha.

7. Ikiwa una deni, nenda kwa mwenye kukudai kabla ya siku ya kulipa. Anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayetafutwa.

8. Wafundishe jamaa yako. Mtu akishikwa na kifafa, mwondoeni penye hatari, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, wala msimtie kijiko wala kitu cho chote kinywani. Msimshikilie kwa nguvu. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali mara moja.

ILIKUWAJE KWA YULE MZEE?

Najua mtauliza. Siku ile tulizichana zile karatasi mbili, akarudi nyumbani bila kitu. Juma lililofuata alikwenda hospitali pamoja na mkewe. Huko mkewe akasema jambo ambalo mzee hakuwa amelisema: kwamba alikuwa akimeza dawa siku anazojisikia vibaya tu, ili zisiishe upesi. Daktari alimwanzisha upya, akamwonya juu ya kukosa usingizi, na akamwambia asiendeshe.

Sitawadanganya kwamba alipata yote aliyotaka. Lori alilikosa. Fedha za Inua Jamii hakupewa, kwa sababu hahitaji mtu wa kumtunza mchana na usiku, nami naona walihukumu sawa. Aliandikishwa na Baraza baada ya kupimwa, na safari za hospitali zilimgharimu siku kadhaa za kazi. Miezi mitatu ilikuwa migumu, akauza ng'ombe mmoja.

Lakini binti yake mkubwa alijifunza kuendesha, akapata leseni, na sasa ndiye anayeshika usukani wa ile pikapu alfajiri. Mzee huketi kando yake na daftari, apime maziwa ya kila jirani na kuyaandika. Deni lalipwa, ingawa polepole. Tangu mvua za masika hajaanguka hata mara moja. Hajaruhusiwa kuendesha bado, na huhesabu miezi kama mtu anayengoja viazi vikomae.

Juzi alipita ofisini kuchukua karatasi za mbegu. Nilimwuliza kama ana hasira nami. Akasema, "Hapo zamani kila nilipoona mtoto barabarani moyo wangu uliruka. Sasa namtazama mtoto, na moyo umetulia."

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi wakulima twaweza kuongeza kwamba kifo hicho si lazima kiwe cha mficha maradhi mwenyewe, kwani aweza kuwa mtoto wa jirani. Basi, ndugu mkulima, ukiwa na ugonjwa, usiufiche na usiuongeze. Upeleke kwa daktari, udai haki yako bila haya, na ikiwa usukani haukufai kwa sasa, mpe mwingine aushike.